Friji kwa Friji

Kila alfajiri, baada ya swala, kazi ya kwanza ya Istahil ilikuwa kufungua friji. Hakuwa akitafuta chakula. Alikuwa akinyoosha mkono kwenye rafu ya katikati, akitoa kichupa cha dawa ya kisukari ya nyanya yake, na kukifumbata viganjani mpaka ubaridi upungue. Kisha alikipeleka chumbani, ambako nyanya huyo, Ayeeyo Arbia, alikuwa ameketi juu ya mkeka akimalizia uradi. Mama yake, Sadia, ndiye aliyedunga sindano.

"Haina baridi kali sasa, Ayeeyo," Istahil alikuwa akisema.

"Mungu akupe mikono ya kheri," Ayeeyo alimjibu. Yalikuwa maneno yaleyale kila siku, lakini aliyasema kama mtu aliyepewa zawadi ya kwanza maishani.

Mjini Garissa jua halisubiri mchana. Watoto wakiwa hawajamaliza hata kipindi cha pili darasani, mabati ya mtaa wa Bulla Iftin huanza kualika kwa joto, na makorongo wakubwa hutua juu ya migunga wakiwa wameachama midomo. Muuguzi wa zahanati alikuwa amewaeleza vizuri: dawa ile ikipata joto huharibika, na huwezi kujua kwa kuitazama. Kwa hiyo friji ile haikuwa pambo la nyumba. Uhai wa Ayeeyo ulikuwa ndani yake.

Upande wa pili wa ukuta wa mabati aliishi Mama Ramlo, aliyeuza maziwa ya ngamia sokoni. Binti yake, Samsam, alikuwa rika moja na Istahil, darasa moja, na hata dawati moja. Kila jioni Samsam alikuja na kikombe cha maziwa, akakiweka mbele ya Ayeeyo, akaondoka. Hakuna aliyewahi kumtuma mara mbili.

Lakini wiki ile wasichana hao hawakuwa wakisemezana. Istahil alikuwa ameacha mfereji wa tangi la shule wazi, na maji yote yakamwagika mchangani. Mwalimu Billow alipouliza ni nani, darasa zima lilitazama chini. Samsam akasimama.

"Ni Istahil, mwalimu. Alisahau."

Istahil alifagia uwanja wakati wa mapumziko huku watoto wa madarasa ya chini wakimcheka. Alipomaliza, alimfuata Samsam mpaka langoni.

"Utanilipa, naya, wewe msichana," alimwambia. "Wallahi utanilipa."

"Ungefunga mfereji nisingekuwa na la kusema," Samsam akajibu, akaenda zake.

Jibu hilo lilimuuma Istahil kuliko ufagio. Usiku alilala nalo, asubuhi akaamka nalo. Alimpangia Samsam mambo mengi, na kila alilopanga alilifurahia kama mtoto anayeramba asali kidoleni.

Alhamisi jioni, kama ilivyo desturi ya nyumba nyingi za Garissa, walijiandaa kwa Ijumaa. Mama alikuwa uani akifua. Ayeeyo alikuwa amejilaza na Awil, mtoto mdogo wa nyumba ile, usingizi umewachukua wote wawili. Istahil alitia makaa kwenye chetezo, akanyunyiza uunsi, ule ubani unaopikwa kwa sukari na manukato, na moshi mtamu ukajaa nyumba. Siku hiyo aliongeza makaa. Alitaka harufu idumu. Kisha akatoka nje kuanika nguo.

Aliporudi alimkuta Samsam jikoni. Alikuwa amepiga magoti kando ya friji, bega lake limegusa ukuta, mkono wake wa kulia ukitoka nyuma ya friji. Alipomwona Istahil alishtuka, akauficha mkono ndani ya mtandio.

"Unafanya nini huko nyuma?"

Samsam alifungua mdomo. Machozi yalikuwa yamemlenga. Kisha akatazama uso wa Istahil uliokunjamana, akaufunga tena.

"Maziwa ya Ayeeyo yako mezani," alisema, akatoka mbio.

Chetezo kilikuwa juu ya dirisha, lakini Istahil hakukijali. Alidhani mama ndiye aliyekihamisha. Na kabla ya isha, friji ikaanza kupiga kelele.

Haikuwa ile ngurumo yake ya kila siku. Ilikuwa *ta-ta-ta-ta-ta*, kama fimbo inayoburutwa juu ya mabati. Awil aliamka akilia. Mama aliipiga friji kofi ubavuni, ikanyamaza kidogo, ikaanza tena kwa nguvu zaidi. Kisha ikatoa sauti ndogo, *tik*, ngurumo ikakoma, na baada ya muda ikarudi.

"Ni Samsam!" Istahil alisema. "Nimemkuta nyuma yake! Ameiharibu kwa sababu ya mambo ya shule."

"Usimtie mtoto wa watu midomoni," mama alimwambia. "Nitampigia mdogo wangu Kaltun simu. Yuko Habaswein, anatengeneza jokofu la duka. Atakuja Jumamosi."

Asubuhi ya Ijumaa siagi ilikuwa imeyeyuka. Istahil alishika kichupa cha dawa na kuona hakina baridi ya kutosha. Moyo wake ukawaka. Alikwenda shuleni akiwa na maneno tayari ulimini.

Samsam alikuja amefunga vidole viwili kwa kitambaa.

"Mmeona?" Istahil aliwaambia wasichana kwa sauti ya kusikika. "Alikuwa akichokora friji yetu, umeme ukamrusha. Anataka nyanya yangu afe. Mtu wa hivyo akiingia kwenu, hesabuni vijiko akitoka."

Wasichana walicheka. Mmoja akavuta begi lake mbali na Samsam. Mwingine akafanya vivyo hivyo. Samsam alisema tu, "Kaulize kwenu," akainamisha kichwa juu ya kitabu. Alikuwa akiandika kwa mkono wa kushoto, herufi zimepinda kama miguu ya panzi.

Istahil aliona raha. Lakini raha ile haikumshibisha. Maneno yalikuwa madogo mno. Friji yao ilikuwa inakufa, na ya Mama Ramlo ilikuwa nzima, imejaa maziwa. Njia nzima ya kurudi nyumbani alirudia moyoni: *friji kwa friji, friji kwa friji*.

Jumamosi asubuhi Ayeeyo alipata sindano yake kama kawaida, ila safari hii mama ndiye aliyeileta dawa. Istahil aliuona mtungi wa maji kwenye kona ukiwa umefunikwa gunia bichi, akadhani dawa imehifadhiwa humo, kama muuguzi alivyowahi kuwafundisha. Hakuuliza.

Mama Ramlo alikwenda sokoni. Samsam alikwenda duksi, chuo cha Kurani, na juzuu yake kwapani. Istahil alibaki kwa kisingizio cha kumpokea habaryar Kaltun, mama yake mdogo. Alisubiri mpaka njia ikawa tupu, akavua ndala mlangoni kwa mazoea, akaingia nyumba ya jirani kwa vidole vya miguu.

Friji ilikuwa pembeni, ikinguruma kwa utulivu. Swichi ilikuwa ukutani, nyuma yake. Istahil aliisikiliza kidogo, ile sauti ya kitu kizima kisicho na shida, na chuki ikampanda.

"Na nyinyi muonje," alinong'ona. Akabonyeza. Friji ikatetemeka, ikanyamaza.

Alirudi kwao akitabasamu. Maziwa yatachacha. Samsam atagombezwa. Atalia, na hakuna atakayemwamini.

Kaltun alifika na vumbi la barabara ya Habaswein kwenye mtandio na sanduku la vifaa mkononi. Alikuwa fundi wa majokofu, pamoja na yale ya chanjo katika zahanati za huko ndani. Alimbusu Ayeeyo mkono, akanywa chai, kisha akakunja mikono ya dera lake.

"Haya, binti, njoo unisaidie. Mgonjwa anasemaje?"

"Habaryar, tazama kama waya umekatwa. Ni Samsam. Nilimkuta—"

"Nimeuliza friji inasemaje," Kaltun alimkata taratibu. "Samsam sijafika kwake. Weka sikio."

Istahil aliweka sikio mlangoni, ubavuni, kisha karibu na ukuta. "Kelele iko nyuma. Chini."

"Vizuri. Lakini sikio moja linaweza kudanganyika. Ndani kuna feni ya kusukuma baridi, nayo husimama mlango wa juu ukifunguliwa. Fungua."

Istahil akafungua. *Ta-ta-ta-ta* iliendelea.

"Basi feni ya ndani tumeiachilia, haina kosa." Kaltun akajaza maji kwenye kikombe, akakiweka juu ya friji. "Friji iliyosimama upande hutetemeka na kupiga kelele. Tazama maji."

Maji yalilala sawasawa kutoka ukingo hadi ukingo.

"Na miguu haina kosa. Sasa chomoa plagi, na usikilize inavyonyamaza."

Istahil alichomoa. Ngurumo ilikatika papo hapo, lakini ile *ta-ta-ta* ilipungua polepole, *ta... ta... ta*, kisha ikafa.

"Umesikia?" Macho ya Kaltun yalimetameta. "Kompresa ikikosa umeme hukoma mara moja. Kinachonyamaza polepole ni kinachozunguka. Hapo nyuma kinachozunguka ni kimoja tu."

Waliivuta friji kutoka ukutani. Kaltun alifungua skrubu za kifuniko cha chini. Ingawa alikwisha kushuku, alikagua kila kitu kwa zamu. Alitikisa sinia la kupokea maji, halikulegea. Alibonyeza raba zilizobeba kompresa, zilikuwa nzima. Alichukua mita, akagusisha nyaya zake mbili kwenye kompresa.

"Nayo nzima. Ilikuwa ikijizima yenyewe kwa sababu ya joto. Ndiyo ile *tik* mliyoisikia."

"Kwa nini unapima hivyo vyote na umeshajua ni feni?" Istahil alikuwa amechoka kungoja. Alitaka waya uliokatwa. Alitaka ushahidi wa kwenda nao kwa Mama Ramlo.

"Sijajua, nadhani tu. Nikitoa kifaa kizima kwa sababu ya dhana yangu, nimewatia hasara wenye nyumba, na ugonjwa umebaki palepale. Zungusha hiyo feni kwa kidole."

Istahil aliisukuma. Ikazunguka kidogo, ikakwama. Bapa moja lilikuwa limepinda na kugonga fremu. Mabapa yote yalikuwa na utando wa kahawia ulionata, umeshika vumbi na nywele za mbuzi. Kidole chake kilitoka na gundi. Alikinusa bila kufikiri.

Kilinukia Alhamisi.

Kaltun naye alinusa, akaigusisha mita injini ya feni. Kisha aliinama akamulika sakafu kwa simu. Palikuwa na majivu, kipande cha kaa, na duara jeusi la ukubwa wa sahani.

"Sadia!" aliita. "Nani anaweka moto nyuma ya friji?"

Mama alikuja na Awil kiunoni. "Moto? Chetezo? Huwekwa dirishani."

Istahil alihisi masikio yake yakipata moto. "Mimi," alisema. "Tangu Awil aanze kutambaa. Niliogopa atajiunguza, nikakiweka mahali asipofika."

"Ulimhurumia mtoto, na hilo ni jema," Kaltun alisema. "Lakini feni hii huvuta hewa. Kila wiki imekuwa ikivuta moshi wa sukari, ukaganda. Alhamisi makaa yalikuwa mengi, joto likalainisha plastiki, bapa likapinda. Injini yake nimeipima, ni nzima. Tutabadilisha mabapa tu." Aliushika waya wa umeme uliopita hapo chini. Ngozi yake ilikuwa imeyeyuka upande mmoja. "Mungu amewahifadhi. Chetezo kingekaa kidogo zaidi, waya huu ungeshika moto. Nani alikitoa?"

"Nilidhani ni mama," Istahil alisema.

"Sikukigusa," mama alijibu. "Nilikikuta dirishani, nikajua ni wewe."

Kutoka chumbani sauti ya Ayeeyo ilikuja taratibu. "Siku hiyo nilikuwa nusu usingizini. Nikasikia mtoto wa kike akisema 'ah!' kama aliyeungua. Nikadhani ni Istahil wetu."

Istahil aliona tena mkono ule uliofichwa ndani ya mtandio, machozi yale, kitambaa kile vidoleni, herufi zile zilizopinda. Ayeeyo na Awil walikuwa wamelala hatua chache tu kutoka kwenye waya ule.

"Vyovyote iwavyo," mama alisema, "alhamdulillahi, ubaridi utarudi. Istahil, feni na waya mpya vikishafungwa uende kwa Mama Ramlo ukailete dawa ya nyanya yako."

"Dawa ipi?"

"Ipi tena? Nilimpelekea tangu jana ulipokuwa shuleni. Mtungi hautoshi kwa joto hili. Ametoa maziwa yake rafu nzima ili dawa ikae peke yake."

Istahil alikuwa tayari mlangoni, bila ndala, akikimbia juu ya mchanga unaochoma.

Samsam alikuwa amesimama mbele ya friji yao, bado na juzuu kwapani. Friji ilikuwa ikinguruma.

"Nimeiwasha," alisema bila kugeuka. "Nimerudi sasa hivi kutoka duksi, nikaikuta kimya. Nilipotoka kwenda duksi nilisahau chaki, nikageuka nusu njia. Nikaona ndala zako mlangoni petu, nikadhani umeifuata dawa, nikaenda zangu bila chaki."

Istahil alihema mlangoni.

"Namsubiri mama," Samsam aliendelea kwa hasira. "Nitamwambia yote. Na mwalimu. Nataka uchekwe wewe, siku nzima, kama mlivyonicheka. Vidole vyangu havikuniuma kama ulivyosema nataka nyanya yako afe."

"Kwa nini hukuniambia ni chetezo?"

"Ulinitazama kama mwizi, nami nilikuwa nimeshakiweka dirishani, nazima kaa lililodondoka! Na nilijua mama yako angekuchapa. Nikasema, basi, moto umetoka, yameisha." Alifuta pua kwa mkono mzima. "Lakini sasa hayajaisha."

"Sema," Istahil alisema. "Lakini niache nianze mimi. Halafu useme yaliyobaki."

Kaltun aliingia nyuma yake akiwa na kipimajoto, kwani alikuwa ameuona uso wa mpwa wake akakisia mengine. Alifungua friji kidogo, akakiweka kando ya dawa, akafunga, wakangoja. Istahil hakuwahi kusubiri kitu kwa uchungu namna ile. Alisoma dua zote alizozijua.

"Bado kuna baridi inayotakiwa," Kaltun alisema hatimaye. "Mlango haukufunguliwa, na Samsam amewahi. Mchana kutwa, tungeitupa."

Mama Ramlo alirudi na vibuyu vyake vitupu. Istahil alimsimulia mwenyewe, tangu mfereji wa shule hadi swichi, hakuruka kitu. Mama Ramlo alisikiliza akiwa amesimama, mzigo bado mgongoni.

"Ulitaka kunichachushia maziwa mimi," alisema, "na humo ndani nilikuwa nimemlaza nyanya yako. Binti yangu mkono wake hauwezi kuosha vyombo. Mpaka upone, utakuja kuosha vibuyu vyangu, na kuvifukiza kwa moshi, kila asubuhi. Na hilo la shule utalirekebisha kulekule ulikolivunjia."

"Ndiyo, mama."

"Sasa shika dawa, uende polepole. Usikimbie nayo."

Jumatatu, kabla ya Mwalimu Billow kufungua kitabu, Istahil aliomba kusimama. Aliwaambia wenzake nani aliyeweka moto, nani aliyeutoa, na kwa nini vidole vya Samsam vilifungwa kitambaa. Kuna waliomcheka. Alisimama mpaka walipomaliza kucheka, ndipo akaketi. Samsam alisogeza kifutio katikati ya dawati.

Alhamisi iliyofuata, nyumba ilinukia uunsi tena. Chetezo kilikuwa dirishani, juu, mbali na Awil na mbali na friji, na friji ilinguruma kwa upole kama mtu anayeota ndoto nzuri. Samsam alileta kikombe cha maziwa. Safari hii hakuondoka. Ayeeyo alimshika mkono, akaviangalia vidole vilivyoanza kuota ngozi mpya, akavipuliza kama anavyopulizwa mtoto mdogo.

"Keti, mwanangu. Nawe Istahil, keti." Aliwatazama wote wawili. "Kaltun alipokuja, alipima feni ya ndani, akapima miguu, sinia na kompresa. Alikuwa na dhana yake, lakini hakuiamini mpaka alipopima. Chuma tu kile, na bado hakutaka kukionea. Wewe, Istahil, ulikuwa na rafiki, mtu mwenye moyo na machozi, na hukumpima hata kwa swali moja. Unajua kwa nini?"

"Kwa sababu nilikuwa na hasira, Ayeeyo."

"Kwa sababu ulishaapa kumlipiza. Mwenye kiapo hicho hatafuti ukweli, anatafuta sababu. Na kisasi chako kilitoka hapa kwenda kwa Samsam, lakini kilipofika kilinikuta mimi ndani ya friji." Alitabasamu, na wasichana wakashindwa kujizuia, wakacheka. "Ukiudhika, uliza kwanza. Ukiulizwa, nawe Samsam, sema, usinyamaze mpaka moyo uwake. Na ukikosea, rudi ukatengeneze kwa mikono yako. Haya, ni nani atanipa maziwa yangu?"

Mikono miwili ilinyooshwa kwenye kikombe kwa wakati mmoja.